Kubadilisha tangi kubwa la matumbawe ukiwa Dodoma: mwongozo kamili

Mtu wa Kigamboni tangi lake la samaki na matumbawe likianza kuvuja, anapakia mapipa kwenye gari na kabla ya magharibi amesharudi na maji ya bahari. Sisi wa Dodoma hatuna bahati hiyo. Bahari iko kilomita 450 hivi, bombani yanatoka maji ya visima vya Mzakwe yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, na chumvi ya akwariamu si kitu cha kumtuma mtoto akachukue sokoni Majengo. Kwa hiyo hapa kwetu kazi hii ina sura yake: kuhamisha samaki ni siku moja, kuandaa maji ni wiki tatu. Anayeanza na samaki kabla ya maji anaishia kuwafukia uani.

Nimeifanya mara mbili, ya kwanza vibaya. Tangi langu lililochoka lilikuwa na urefu wa sentimita 150, upana 60 na kina 60, yaani lita 540 likijaa hadi ukingoni. Jipya ni 180 kwa 60 kwa 60, lita 648, pamoja na tangi dogo la chini lenye kichuja povu (kifaa kinachonasa uchafu kwa mapovu ya hewa) na pampu. Hesabu zote hapa ni za hilo jipya. Lako likiwa na vipimo vingine, kaa na kikokotoo kwanza.

Hakikisha kibovu ni tangi

Kuanzia Juni hadi Novemba hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo. Maji yanapungua kwenye tangi zima kabisa mpaka mgeni anadhani linavuja. Njia ya kujua ni chumvi. Zima kifaa cha kujazia maji, bandika selotepu usawa wa maji, pima chumvi na uandike. Pima tena baada ya siku mbili. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi inabaki ndani, hivyo kipimo kinapanda. Yakipungua kwa kuvuja, yanaondoka na chumvi yake na kipimo kinabaki palepale.

Kama kifaa chako cha kujazia hakizimwi kamwe, dalili inageuka. Tangi linalovuja linajazwa maji matamu kufidia maji ya chumvi, na kipimo kinashuka kidogo kidogo. Mimi niliona kimetoka 1.026 hadi 1.024 (uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu) kwa mwezi mmoja na sikuona hata tone sakafuni. Nilipofungua mbao ya nyuma ya stendi nikakuta chumvi imeota chini ya tangi kama ukungu kwenye mkate. Maji yalikuwa yakikauka yakiwa njiani.

Kagua pia silikoni ya ndani ya pembe. Ikiwa nyeupe, ikibanduka ukiisukuma kwa ukucha, au ukiona viputo vimejipanga kwenye mshono kati ya vioo viwili, usitafute wa kukubembeleza. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu, na kiraka cha ndani hakirudishi nguvu ya mshono. Ila mwani mwekundu, nitrati kubwa na matumbawe yanayofifia peke yake si sababu ya kununua tangi. Hayo ni ya mchanga uliochoka na mkono mrefu wa kulisha.

Ukishajua linavuja, punguza maji theluthi moja leo hii. Nguvu inayosukuma kioo inategemea kina, na inashuka kwa mraba wake: ukibakiza theluthi mbili za kina, nguvu iliyobaki ni chini ya nusu. Hilo peke yake lilinipa wiki tano za kujipanga. Kumbuka kushusha matumbawe ya juu yasibaki hewani, na hakikisha pampu ya tangi la chini haikauki.

Tangi jipya na mahali pake

Vioo vya milimita 15 kwa vipimo hivi vina uzito wa kilo 150 hivi. Ongeza maji, mawe, mchanga, stendi na tangi la chini, unakaribia tani moja kwenye eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Liweke chini, sakafu ya zege, karibu na ukuta, mbali na dirisha la magharibi. Kama ni ghorofani, mwite mhandisi kwanza.

Stendi nilichomelewa kwa mabomba ya mraba ya inchi mbili. Chumvi inakula chuma bila huruma, kwa hiyo piga rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na ndani ya maungio pia, mahali ambapo mafundi wengi hupapita haraka. Weka pimamaji kwa urefu, kwa upana, halafu kwa mshazari. Tofauti ya milimita mbili tatu kwenye sentimita 180 inarekebishika kabla ya tangi kukaa. Likishajaa, hairekebishiki.

Fundi vioo wangu ni hodari wa madirisha. Nilipomkatalia kopo la silikoni alilokuwa nalo mkononi, akacheka: "Kaka, silikoni ni silikoni." Hapana. Za bafuni nyingi zimetiwa dawa ya kuzuia kuvu, na dawa hiyo inaua. Unataka ile ya vioo inayonuka siki wakati inakauka, isiyo na dawa ya kuvu, na kopo ambalo muda wake haujapita. Vioo vifutwe kwa spiriti, mshono upakwe mara moja bila kusitasita, na tangi likae siku saba bila kuguswa. Matundu ya mabomba yatobolewe kabla ya kuunganisha, na sio kwenye kioo kilichokazwa kwa moto. Hicho ukikigusa na kekee kinamwagika chote kama mchele.

Kisha lijaze maji ya bomba, barazani, juu ya stendi yake, kwa siku tano. Weka karatasi za chooni kavu kuzunguka miguu yote minne. Tone moja linaonekana mara moja. Langu lilitoa unyevu kwenye tundu la bomba siku ya pili, tukabadilisha mpira. Hebu fikiria ningeligundua samaki wakiwa ndani.

Na shaba isiingie popote. Koki za shaba nyeupe na njano, viungo vya zamani, hata sarafu iliyoanguka: shaba kidogo tu inaua konokono, kamba na matumbawe. Tumia koki na mabomba ya PVC mwanzo hadi mwisho.

Maji, maji, maji

Hapa ndipo pa kutumia fedha na subira. Tangi na la chini yake, ukitoa nafasi ya mawe, vinameza lita 660 hivi. Mimi huandaa 800, ili 140 zibaki za akiba. Akiba hiyo si anasa: ndiyo itakayookoa samaki amonia, sumu inayotokana na uchafu wao, ikipanda usiku wa tatu.

Maji ya Mzakwe huwezi kuyatia chumvi hivihivi. Yamebeba madini ya ardhini, na mwani unayapenda kuliko wewe. Unahitaji mashine ya RO, inayochuja maji kwa kuyasukuma kupita kwenye utando, yenye hatua ya mwisho ya kuondoa madini, na kalamu ya kupimia madini ili usome sifuri. Mashine iliyoandikwa galoni 75 kwa siku inatoa lita 280 hivi presha ikiwa nzuri. Presha ya kushuka tu kutoka simtanki la juu ya bafu haifikii hapo. Bila pampu ya kuongeza presha utapata nusu au pungufu. Kwa kila lita safi, lita tatu au nne zinatoka kama taka. Usizimwage. Mwezi mzima choo chetu kilioshwa kwa maji hayo, na mama mkwe akapigia deki. Bustanini sikuyapeleka, kwa sababu yana madini mengi kuliko yalivyoingia.

Nilinunua simtanki jipya la lita 1,000 nikaliweka barazani. Ndoo na mapipa ya mtumba yana historia: mafuta, sabuni ya unga, dawa ya mahindi. Jaza lita 800, washa pampu ya kuzungusha, ndipo umimine chumvi kidogo kidogo. Usifanye kinyume, kwani maji yakimiminwa juu ya chumvi iliyorundikana, kalsiamu inaganda na kukaa chini kama chokaa. Chumvi nyingi za akwariamu zinahitaji gramu 36 hadi 38 kwa lita, kwa hiyo agiza kilo 30 na nyongeza kidogo. Yangu ilikuja kama mzigo wa basi, nikaipokea stendi kuu ya Nanenane. Agiza mwezi mzima kabla.

Swali ninaloulizwa kila mara: kwa nini nisitumie chumvi ya Bagamoyo au Uvinza, si ya hapahapa nchini? Hiyo ni chumvi ya mboga. Ina sodiamu na klorini, lakini magnesiamu na kalsiamu ambazo tumbawe linajengea mifupa yake zimebaki kwenye majaruba, na ya dukani imetiwa madini joto juu yake.

Zungusha saa 24, kisha pima. Chumvi 1.025 hadi 1.026, joto nyuzi 25 au 26, alkalini (kinga ya maji dhidi ya tindikali) 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Muhimu kuliko kufikia namba za kitabuni ni maji mapya kufanana na ya zamani. Tangi lako likiwa na alkalini 7 nayo mapya yana 11, matumbawe yenye ncha nyembamba yataungua nchani. Anza kulivuta tangi la zamani taratibu lielekee kwenye namba za maji mapya wiki mbili kabla ya kuhama.

Kuhusu mwezi wa kuhama, usiku wa Juni na Julai ni baridi mno kwa samaki waliokaa kwenye beseni, na Oktoba na Novemba mchana unawapika. Mimi nilihama Mei.

Siku tatu kabla

Nunua pampu mbili za hewa za betri na ujaribu kama zinafanya kazi. Umeme ukikatika saa sita mchana samaki wakiwa ndani ya beseni, jenereta la petroli linalochelewa kuwaka halikusaidii. Tena Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 hivi. Kanieneo ya hewa ni pungufu kwa sehemu moja ya nane hivi kuliko Pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua vilevile. Kwa hiyo beseni ambalo Tanga lingebeba samaki sita, hapa mimi naweka watano na mapovu mengi.

Piga picha ya tangi pande zote. Waambie wa nyumbani: dawa ya mbu haipulizwi ndani ya nyumba hii hadi nitakapotangaza. Samaki wasipewe chakula kuanzia siku moja kabla ya kuhama. Mikono isipakwe mafuta.

Kama una matumbawe ya vifungo, yale yanayofanana na vitufe laini vya rangi, soma hapa mara mbili. Baadhi yana palitoksini, sumu kali mno. Usisugue mwamba wake ukiwa mkono mtupu, usiuache karibu na macho, na kamwe usichemshe mwamba uliotoka baharini ili "kuusafisha". Mvuke wake umelaza watu hospitali. Glavu na miwani, hata kama jirani anakucheka.

Na ukiona mawe hayatoshi, usijaribiwe kuokota Mbudya au Bongoyo ukishuka Dar es Salaam. Visiwa hivyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mawe makavu yenye matundu mengi, yakikaa na mawe yako hai, yatapata bakteria wenyewe.

Siku yenyewe

Tulianza saa moja asubuhi, mimi, mdogo wangu na kijana wa jirani. Watu watatu wanatosha. Wanne wanapigana vikumbo.

Kwanza vuta maji safi ya juu, kabla hujagusa chochote, ujaze mabeseni ya samaki na ya matumbawe. Matumbawe yatoke kwanza, moja moja, yasigusane. Sponji la bahari lisiinuliwe hewani. Lisogeze ndani ya bakuli lililozama. Kisha mawe. Kila jiwe litikise ndani ya ndoo ya maji ya tangi uangalie uchafu unavyotoka kama tope la Bahi wakati wa masika. Usilioshe kwa maji ya bomba. Uhai wa tangi lako umo ndani ya vitundu vya mawe hayo: bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Wengi wanahangaika kuhifadhi maji ya zamani kana kwamba uhai umo humo. Maji ni maji. Mawe ndiyo urithi, nayo yabaki yamelowa saa zote.

Samaki wanatoka mwisho, mawe yakiwa yameondoka na maji yakiwa sentimita 15. Kuwakimbiza kwa wavu katikati ya miamba ni kuwaua kwa uchovu. Samaki aitwaye kangaja mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki badala ya wavu. Ana kisu pande zote mbili za shina la mkia, kinanasa kwenye nyuzi na kinachana mkono. Yeye akae beseni lake. Funika mabeseni, giza linawatuliza, na weka pampu ya hewa na kipasha joto kwa kila moja.

Hapo ndipo mama wa nyumba ya pili alipochungulia mlangoni. "Baba Neema, hawa wote mnakula lini?" Nikamwambia hawaliwi. Akaangalia beseni, akaangalia tena simtanki barazani, akaondoka anatikisa kichwa.

Sasa mchanga. Mara ya kwanza niliuhamisha wote, kwa kubana matumizi. Ulikuwa na miaka tisa. Tulipouchota ulitoka mweusi chini, chumba kikanuka mayai viza, nami nikajiambia maji mengi yataufuta. Asubuhi nilitoa samaki watatu wamekufa, kangaja wa kwanza akiwa mmoja wao. Harufu ile ni gesi ya salfa iliyojifungia mahali pasipo na oksijeni. Mchanga wa zamani tupa. Ukitaka mbegu, chota kikombe kimoja cha juu kabisa, ukisuuze kwa maji ya chumvi, basi. Mchanga mpya osha hadi maji yatoke maangavu. Ni kazi ya nusu siku, ifanye jana yake.

Katika tangi jipya, panga mawe juu ya kioo cha chini kwanza, yakae imara yenyewe, ndipo mchanga uzunguke. Ukiyapanga juu ya mchanga, samaki anayechimba atayaangusha kwenye kioo. Acha nafasi ya mkono mmoja kati ya mawe na vioo vya mbele na nyuma, la sivyo hutapata pa kusugulia mwani. Weka sahani juu ya mchanga na uelekeze mpira wa maji kwenye sahani hiyo. Maji yakifika nusu, washa vipasha joto vilivyozama kabisa. Yakijaa, washa pampu. Waya za umeme zipinde chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalotambaa lidondoke sakafuni, lisiingie ukutani.

Pima chumvi na joto upande huu na upande wa mabeseni. Vikilingana, rudisha matumbawe, kisha samaki. Usiwazoeshe kwa kuwadondoshea maji mapya kwa saa nzima: kwenye beseni lililokaa siku nzima amonia imeshajikusanya, na maji mapya yenye pH ya juu yanaifanya kuwa kali zaidi. Wahamishe bila maji yao. Sisi tulimaliza saa kumi na mbili jioni, taa zikabaki zimezimwa hadi kesho yake.

Wiki mbili za kutokulala sana

Pima amonia asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne. Ikigusa miligramu 0.2 kwa lita, badilisha lita 100 kutoka kwenye akiba siku hiyohiyo. Lisha kidogo, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kichuja povu kitafanya wazimu, kitafurika au kitakataa kutoa povu kabisa. Kifungue hewa kidogo na ukiache kizoee.

Kosa linaloua matumbawe baada ya kuhama salama ni taa. Maji mapya ni maangavu, mwanga unapenya kuliko matumbawe yalivyozoea, nayo yanageuka meupe ndani ya siku chache. Anza na nusu ya nguvu ya taa, panda taratibu kwa wiki mbili au tatu. Utando wa kahawia utatanda kwenye mchanga wiki ya pili. Usiumwagie dawa, konokono wataula. Alkalini ipime kila siku, kwa sababu mwani wa waridi unaofunika mawe ukianza kukua upya unaila haraka.

Samaki mpya hapana, hadi wiki ya sita.

Vioo vya tangi la zamani fundi alinikatia vizuizi vya tangi la chini. Simtanki sikuliuza. Lipo barazani na lita 140 za chumvi, pampu ikizunguka nusu saa kila siku, na kila Jumamosi nabadilisha lita 60 kutoka humo. Jumapili mashine ya RO inaanza tena.